Pigo Lisilo na Jina

Kabla sijasema lolote zuri juu yake, niseme hili kwanza: alikuwa mgomvi. Siku hizi watu wakimkumbuka wanatia sukari, ati alikuwa mama wa amani, mpole, mnyenyekevu. Wacha! Mpole gani? Mimi niliishi ng'ambo ya ua wake wa minyaa, huko kwetu ukitoka Matinyani, tangu utoto hadi nilipoolewa Sultan Hamud. Kama kuna asubuhi sikumsikia akimfokea mtu, basi alikuwa ameenda kisimani kuwafokea watu wa huko. Mbuzi wako akiingia kwenye mbaazi zake, alikuletea mwenyewe hadi mlangoni, na kabla hujasema asante ulikuwa umeshaambiwa tabia za ukoo wako wote.

Tulimwita Ngui. Kwetu Ukambani ngui ni yule anayeanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Yeye alikuwa ngui wa mwethya, yaani ile kazi ya pamoja ambayo wanawake wa kijiji wanalima leo kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa jirani, mpaka kila mmoja afikiwe. Kazi kubwa ya miaka hiyo ilikuwa kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia mvua isibebe udongo. Unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu. Wanawake ishirini wanasimama kwa laini moja, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na kinachoyashika majembe ni wimbo. Ngui akikosea, majembe yanagongana, na kuna mtu atarudi kwake bila kucha ya kidole cha mguu.

Hakukosea hata siku moja, na alijua kwamba hakukosea, na alitaka wewe pia ujue.

Sauti yake haikuwa tamu, nisikudanganye. Ilikuwa kavu na yenye mkwaruzo, lakini ilifika. Kanisani mwalimu wa kwaya alimweka nyuma kabisa, karibu na mlango, na bado sisi wa mbele tulikuwa tukimsikia yeye tu. Siku moja mwalimu huyo alimwomba kwa adabu apunguze.

"Mungu wako anaishi karibu na wewe," Ngui akamjibu. "Wangu yuko mbali. Lazima niite."

Kwaya ilicheka mpaka mazoezi yakavunjika. Jumapili iliyofuata alikaa pale pale mlangoni na kuimba vile vile.

Kazi ya ngui si kupaza sauti peke yake. Ngui anatunga, na anatunga hata juu ya watu. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyezoea kumpiga mke wake kila akitoka kunywa. Wazee walimwita, wakamshauri, akaitikia ndiyo ndiyo, akaenda akampiga tena. Ngui alimtia kwenye wimbo wa kuchimba mitaro, na kijito cha maji alikokuwa akijificha mpaka alevuke kikatiwa humo, na hata rangi ya suruali. Wanawake ishirini wakauimba mlimani mchana kutwa, na sauti zikafika mpaka sokoni. Yule bwana alihamia kwa dada yake Mwingi mwezi mzima. Aliporudi hakuinua mkono tena, na akimwona Ngui njiani alikata kona.

Wazee walipomwita Ngui kumuuliza kwa nini amesema mambo ya nyumba ya mtu hadharani, aliwatazama mmoja mmoja.

"Mimi sikusema kitu, wazee wangu. Nimeimba."

Hilo lilikuwa neno lake. Sikusema, nimeimba. Nimelisikia zaidi ya mara mia, na kila mara lilimkasirisha mtu mpya.

Sasa vita. Nasema vita vya shifta, ile miaka ya kwanza baada ya Uhuru, serikali ilipopigana na waliotaka kujitenga huko kaskazini. Mtu wa leo anaweza kudhani sisi wa Kitui tulivisikia redioni tu. Hapana. Mjomba wangu alikuwa na ng'ombe upande wa Kyuso, na walikuja watu wenye bunduki wakawachukua wote, na mchungaji wake wakamwacha amelala pale kwenye boma amekufa. Kwa hivyo mama yangu aliposema jeshi liende, tena liende upesi, hakuwa mwanamke mjinga anayependa damu. Alikuwa amemwona kaka yake akilia kama mtoto mdogo. Na mtoto wake wa kwanza, kaka yangu, alikuwa tayari amevaa sare. Mama alijivunia sare hiyo kupita kiasi, na mimi pia.

Ngui naye alikuwa na mtoto jeshini. Mtoto huyo na kaka yangu walikuwa rika moja na waliandikwa siku moja. Ngui alilipinga jambo hilo kwa kelele za kusikika kijiji kizima, akasema hakuzaa mtu wa kwenda kupigana na wafugaji kama yeye jangwani. Halafu asubuhi ya safari tukamkuta ameketi kwenye kigoda anapiga viatu vya mtoto wake rangi, anavisugua mpaka vinang'aa. Watu wakamcheka.

"Safari siitaki," akasema, "lakini mtoto ni wangu. Atoke kwangu na viatu vichafu? Hapana."

Haikupita miaka miwili tukaletewa habari. Gari lilikuwa limeshambuliwa, na kaka yangu alikuwa ndani. Mvua zilikuwa zimekata barabara, wakamzika huko huko kaskazini. Tulichopata ni mkoba wenye mashati mawili, wembe, na barua niliyomwandikia mimi. Hatukupata kaburi la kwenda kulia.

Mama, kama wanawake wote wa kwetu, alikuwa akiitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Juma lile lile alimsimamisha jirani aliyekuja kumpa pole, akamwambia, "Usiniite hivyo tena. Mwambie kila mtu." Akaanza kuitwa kwa jina langu, Mama Mwende. Picha ya kaka ikatoka ukutani. Jina lake halikutajwa tena nyumbani kwetu, si kwa sala, si kwa hadithi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilielewa bila kuambiwa kwamba nisilitaje.

Mtoto wa Ngui alikuja likizo mwezi uliofuata, mzima, amenenepa. Mama alimwona kupitia ua wa minyaa, akaingia ndani, akafunga mlango.

Hapo ndipo Ngui alipoutunga wimbo ule. Haukuwa na maneno mengi. Aliwataja vijana wa milima yetu waliokwenda kaskazini, mmoja baada ya mwingine, walio hai na waliokufa, akianza na mtoto wake mwenyewe. Kila jina likitajwa jembe linashuka na wanawake wanaitikia: warudishwe walime. Ndio huo tu. Jina, jembe, warudishwe walime.

Moto ukawaka! Wale waliokuwa na jamaa Kyuso walisema huyu mama anawapa adui moyo. Mhubiri wetu aliomba mimbarini kwamba Bwana azibe vinywa fulani, na sote tukageuka kutazama mlangoni. Ngui akasema "Amina" kwa sauti kuliko mtu yeyote. Wengine, hasa mama waliokuwa na watoto jeshini, walimwendea kimya kimya wakamwomba, "Na wangu umtie." Orodha ikawa ndefu.

Naibu wa chifu wa siku hizo alimwita na kumpiga marufuku. Akatangaza mbele ya watu kwamba hakuna wanawake kukusanyika kuimba mambo ya vita bila kibali, na kwamba mkusanyiko anaoruhusu yeye ni wa mwethya peke yake. Asi! Mwanamume mzima, na kalamu sikioni, hakujua wimbo ule ulizaliwa wapi. Ngui alimshukuru kwa mikono miwili. Kesho yake wanawake waliokuwa wakiogopa walikuja na majembe yao bila hofu, kwa sababu mkubwa mwenyewe ameruhusu mwethya. Na ili awaone vizuri, naibu akawapangia shamba lililo kando ya barabara, mkabala na uwanja wa soko. Malori ya jeshi yalipita kwenye barabara hiyo hiyo. Wanajeshi waliokuwa Wakamba walisikia majina ya watu wanaowajua, na lori moja, nililiona kwa macho yangu, lilipunguza mwendo mpaka wimbo ukaisha.

Siku ya vurugu ilikuwa siku ya kuwaaga vijana wapya waliojiandikisha. Uwanja wa soko ulijaa. Sisi upande wetu tulikuwa na matawi ya miti mikononi, tunapiga vigelegele, wazee wanawabariki vijana. Mama yangu alikuwa mbele, maana aliyetoa mtoto aliheshimiwa. Ng'ambo ya barabara, hatua hamsini hivi, Ngui na laini yake walikuwa wakichimba. Wao walipopaza, sisi tukapaza. Vijana wetu wakaanza kuwatukana kina mama, wanaume wa upande ule wakaacha kutazama wakaja wakasimama karibu na wake zao. Sisi tulisema wao ni wasaliti. Wao walisema sisi tunauza watoto. Na hawa wote ni watu walioazimana chumvi juzi!

Halafu Ngui akafika kwenye jina la kaka yangu.

Mama alitupa tawi akavuka barabara. Alienda moja kwa moja katikati ya laini, majembe yakiwa hewani, akalishika jembe la Ngui kwa mikono yote miwili.

"Unaimba ati mtoto wangu alikufa bure!"

"Siimbi hivyo, mama yake. Naimba asiongezwe mwingine."

"Wako yuko hai! Utaniambia nini wewe? Wako anakula kwako!"

Mama akalivuta jembe likamtoka Ngui mikononi.

"Jina la mtoto wangu lisitoke kinywani mwako. Usiliimbe. Hata ukiwa peke yako jikoni, usilitaje. Niahidi!"

Huo ulikuwa wakati watu walipoanza kurushiana mabonge ya udongo. Nitasema ukweli, maana nimeuficha kwa miaka: la kwanza nililirusha mimi. Lilikuwa bonge gumu, la mfinyanzi mkavu, na lilimpata Ngui juu ya jicho la kushoto. Damu ikashuka mpaka kidevuni. Hakujifuta.

"Nimekuahidi," akamwambia mama yangu. "Sitalitaja mpaka wewe uniambie nilitaje. Lakini nafasi yake kwenye wimbo siifungi. Hiyo si yangu, na si yako. Nipe jembe langu."

Mama akampa. Sijui kwa nini, lakini alimpa. Nyuma yetu watu walikuwa wanapigana kwa matawi, mzee mmoja amevunjwa mkono, askari wanapuliza filimbi. Ngui, uso mwekundu kwa damu, akauanza wimbo upya kutoka jina la kwanza. Alipofika kwa kaka yangu akanyamaza. Majembe yakapanda, yakashuka kwa pigo moja, bila jina na bila kuitikiwa, halafu akaendelea na kijana aliyefuata. Hakuna aliyewafundisha wale wanawake. Walielewa.

Askari walimchukua, wakamlaza rumande usiku mmoja, na alipoulizwa amesema nini akawajibu mnavyojua. Kesho yake jioni alikuwa mlimani.

Mwezi uliofuata zamu ya mwethya ikafika kwetu. Sheria ya mwethya haina chuki. Nilikulimia, utanilimia, hata kama hatusalimiani. Ngui alikuja na jembe lake na kitambaa kichwani, akasimama kwenye laini. Mama akatoka nje akasema, "Hapa kwangu hakuna wimbo wowote." Wanawake wakaangaliana. Ngui akasema, "Mwenye shamba amesema." Wakachimba kimya. Woi, kazi gani hiyo! Kila mtu na mwendo wake, huyu mbele, yule nyuma, wawili wakaumizana miguu, na shamba la siku mbili likachukua siku nne. Mitaro yetu ikatoka imepinda. Miaka hiyo ukipanda mlima wa ng'ambo uliona mashamba yote yamechorwa sawasawa, halafu uliona la kwetu. Mama aliishi na mitaro hiyo maisha yake yote, na hakukubali mtu ainyooshe.

Na mimi? Ngui alijua ni nani aliyerusha bonge. Hakunishtaki kwa mtu. Alichofanya ni kubadilisha salamu. Watu wengine wakinikuta waliniuliza habari za nyumbani, yeye aliniuliza, "Mwende, mkono wako haujambo?" Mbele ya mchumba wangu. Mbele ya mhubiri, siku ya harusi yangu, na kovu lake juu ya jicho, anatabasamu. "Bwana harusi, huyu ana mkono. Usimkasirishe ukiwa karibu na udongo." Nilitaka ardhi inimeze. Baadaye, nikiwa na watoto wangu Sultan Hamud, nilijikuta nikiingoja salamu hiyo kila nikienda nyumbani.

Vita vile viliisha. Wengine wakarudi wakalima, wengine hawakurudi. Ngui hakuuacha wimbo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini redio ilipokuwa ikitangaza vita vya huko Ghuba, mhubiri mpya akafurahi kwamba unabii unatimia, na vijana Waislamu mjini Kitui wakasema nao wataandamana, na watu wakaanza kutazamana vibaya madukani. Ngui, mzee tayari, akaenda mjini na fimbo yake kununua nyama kwa mchinjaji wake yule yule Mwislamu, akapiga naye gumzo mlangoni saa nzima ili kila mtu amwone. Alipoulizwa yuko upande gani, akauliza, "Mama zao wako upande gani? Niwekeni hapo."

Nadhani alikuwa amechoka kuliko alivyoonyesha. Binti yake aliniambia kwamba baada ya siku ile ya barabarani Ngui hakula na mtoto wake wa jeshini kwenye sahani moja tena, ingawa alimpenda. Alisema akimwangalia anasikia mama yangu akimuuliza lile swali: utaniambia nini wewe?

Mama alifariki mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Ngui alikuja kwenye mazishi, akakaa mbali. Mwaka uliofuata mvua kubwa ikaibomoa mitaro yetu iliyopinda, na ndugu zangu wadogo wakaniita kutoka Sultan Hamud. Nikaita mwethya. Nikaenda mwenyewe ng'ambo ya minyaa kumwomba Ngui aje aimbishe.

Hakuweza kushika jembe tena. Tulimwekea kigoda upande wa juu wa shamba, macho yake yameshaingia ukungu, sauti imebaki ile ile. Laini ilikuwa ya wasichana na wake za watu ambao wengi hawakuwa wamezaliwa wakati wa vita. Lakini wimbo waliujua, kwa sababu kwetu ndio wimbo wa kuchimbia mitaro. Akaanza. Mtoto wake. Warudishwe walime. Wa pili, wa tatu. Alipofika kwa kaka yangu akanyamaza, na majembe yote, hata ya wale wasichana, yakashuka mara moja bila neno. Nikajua kwamba miaka yote hiyo, kwenye kila shamba la kijiji, pigo hilo lilikuwa likipigwa.

Nikapanda mpaka kwenye kigoda.

"Mwaitu," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mama, "mama hayupo tena. Sasa unaweza kumtaja."

"Nani amekwambia naweza?"

"Aliyekukataza amekufa."

"Amekufa, ndiyo. Ameniruhusu? Nilimpa neno mbele ya watu, na jembe langu likiwa mikononi mwake. Alikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kunirudishia neno langu, na kati yetu kulikuwa na minyaa tu. Hakunirudishia. Sasa nimwibie akiwa kaburini? Sitaki."

"Kwa hivyo asitajwe kabisa?"

Alinigeuzia uso, na lile kovu.

"Mimi nilikatazwa, Mwende. Wewe ulikatazwa na nani?"

Nilifikiri. Nilifikiri kwa kweli, nikitafuta siku mama aliponikataza, na sikuipata. Hakuna mtu aliyenikataza. Watoto wangu watatu walikuwa wakubwa na hawakujua mjomba wao aliitwa nani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, nikaanza kulia pale mbele ya wasichana wa watu.

"Siku ile mkono wako ulikuwa mwepesi," Ngui akasema. "Chukua jembe ushuke kwa wenzako. Mimi narudia mwanzo."

Nikashuka. Nikavua viatu vyangu vya kutoka Sultan Hamud nikasimama katikati ya laini, kwenye mtaro wa mama yangu. Ngui akaanza kutoka jina la kwanza, jua likiwa kichwani, na majina yakaja moja moja, yakaitikiwa moja moja, mpaka akafika, akafunga kinywa. Majembe yalikuwa juu.

"Kioko!" nikaita.

Majembe yakashuka, na wanawake wote wakaitikia: warudishwe walime.